Nani Alituchagulia Hii Nyimbo?

Kazi yangu njo hii: kuweka nyimbo ku kle (ile flash ya USB) na ku karte ya telefone ya bantu. Niko na meza, ordinateri ya zamani, pano ya jua juu ya bati (kuranti ya huku munaijua) na parasoli, mu commune ya Kenya, Lubumbashi. Kenya ya kwetu, si inchi ya Nairobi, bandugu ba Mombasa benye munasoma hapa musianze kuniagiza chai. Muntu anakuja na kle yake ya giga 8, anasema anataka nini, namujazia, analipa, anaenda. Bengine banafikiri hii kazi ilikufa tangu bantu banunue telefone za kugusa. Haikufa. Mega ya intaneti iko bei kali, na shofere wa taksi-bus mwenye anatoka Ruashi anaingia mu ville hana wakati ya kutafuta nyimbo ku intaneti, na bale benye banaenda kuchimba ku Kolwezi ao Kambove banabeba karadio ka kle juu kule rezo inakuja inapotea. Basi banapita kwangu.

Na juu hii kazi inanikalisha katikati ya intaneti na bantu benye habana intaneti, kuko kintu naona yenye sisikie bantu banaiongea sana. Siku hizi kila muntu ni IA, IA, akili ya mashini, ooh inaimba, ooh inaiga sauti ya fulani, itakula kazi ya baimbaji. Sawa, ni kweli, tutafika pale. Lakini mbele mashini ianze kuimba, ilianza kwanza kutuchagulia. Iko inachagua tangu siku mingi, polepole, bila kelele, na inachagulia ata papa mwenye hajafunguaka aplikasio ata moja mu maisha yake. Inamufikia namna gani? Inapitia ku mukono yangu.

Nieleze vile inaenda. Zamani mukliya alikuwa anakuja na jina ya muntu. Nipe Franco. Nipe Werrason. Nipe Mwenda wa Bayeke, baba alikuwa anamupenda. Leo bengi banakuja na kipande. Musichana anasimama mbele ya meza, anaimba sekonde kumi, anaonyesha mikono vile banacheza ku TikTok, anauliza "uko nayo?" Jina ya mwimbaji hajui, mimi pia sijui, tunatafuta mpaka tunapata. Na bengine, na hao njo bengi zaidi, habana ata kipande, banasema tu: "Papa, weka za muzuri muzuri, changanya." Sasa changanya ya nani? Mi nafungua platifomu, naandika rumba, inaniletea kumi za kwanza, nashika ya kwanza, pembeni inakuwa imeshanipangia zingine, moja ikimalizika ingine inaanza yenyewe, na nachukua vile vile zinafuatana juu bakliya banangojea ku jua na mumoja ameanza kukasirika. Ile foleni njo inaingia ku kle. Kle inaingia mu taksi-bus. Mule ndani bantu bamebanana, bote banasikia nyimbo moja, hakuna mwenye aliomba. Kesho yake mumoja wao anafika ku meza yangu kuniimbia kipande ya ile nyimbo, anasema hii njo inatamba mu muji.

Inatamba juu nani alisema inatamba?

Mashini yenyewe inachagua kwa njia rahisi kuliko vile bantu banafikiri. Ya kwanza, inaangalia bantu. Wewe na muntu mumoja wa Dar es Salaam mulisikiliza nyimbo tano sawasawa, yeye akasikiliza ya sita, basi ya sita itakufikia wewe. Ya pili, inapima sauti yenyewe, mwendo yake, ngoma inapiga kwa nguvu gani, kuko sauti ya muntu ao hakuna. Spotify, platifomu kubwa ya kusikiliza nyimbo ku intaneti, mu 2014 ilinunua kampuni moja ya Marekani, The Echo Nest, yenye ilikuwa inafanya ile kazi ya kupima nyimbo, na mu 2015 ikaanza kupatia kila muntu liste yake kila Jumatatu. Ya tatu, na hii njo kali, inahesabu wakati gani uliruka. Ku Spotify nyimbo yenye umekata mbele ya sekonde 30 haihesabiwe, ni kama hukuisikiliza, mwenye nyimbo hapate kintu. Kidole yako ikigusa pale, umepiga kura, na hakuna mwenye alikuambia kuko uchaguzi.

Nashajua mutasema nini. Kwani zamani hakukuwa mwenye anatuchagulia? Alikuwako. Mu 1952 Hugh Tracey, Mwingereza mwenye alikuwa anaishi Afrika ya Kusini, alifika ku Jadotville, yenye leo tunaita Likasi, na mashini yake ya kurikodi, akakutana na kijana Jean Bosco Mwenda anapiga gitare na vidole, akamurikodi Masanga, na ile nyimbo ikazunguka dunia mpaka bazungu bakaanza kujifunza kupiga sawa yeye. Tracey alichagua. Alikuwa na yenye anapenda na yenye hapendi, na nafikiri kuko bapiga gitare bengine bakali ku Katanga benye gari yake haikupita ku mulango yao na leo hakuna mwenye anabajua. Kisha kukakuja maradio, bapatro ba studio, na kila mumoja na tumbo yake.

Na mabanga! Tuseme ukweli, mu muziki ya Kongo pesa haikungojea IA. Tajiri analipa, jina yake inatupwa katikati ya nyimbo, na saa ingine nyimbo ya mapenzi inasimama kabisa, muntu alikuwa analia juu ya bibi yake mwenye aliondoka, machozi inangoja kwanza basalimie patro fulani wa Anvers, kule Ubelgiji, na mutoto wake wa kwanza. Inachokesha. Lakini mabanga iko na kintu moja ya heshima: unaisikia. Mwenye alilipa jina yake iko pale, mara tatu, mpaka batoto ba kartye banaijua kwa kichwa. Ukitaka unaweza kuicheka. Ile foleni yenye platifomu inanipangia, nani alilipa, nani alisukuma, nani alikataa? Jina yake banaiimba ku dakika ya ngapi?

Tuingie sasa ku ile ya mashini kuimba.

Kuko mama mumoja, mukliya wa siku mingi, anauza samaki ya kukauka. Anapenda adorasio, ile muziki ya maombi yenye inaenda masaa mbili, tatu, bila kusimama, anaiweka usiku pale anaomba. Alikuja na telefone ya mutoto wake kunionyesha yenye anataka: video moja ndefu, picha ya mwangaza inatoka mu mawingu, sauti ya mwanamuke, muzuri sana, Kiswahili safi mpaka nikashituka. Nikatafuta jina ya mwimbaji juu nimupatie na zingine zake. Hakuna jina. Ni jina ya shaneli tu. Hakuna konseri, hakuna kanisa yake, hakuna ata mahali moja banamuuliza kintu akajibu, na ile shaneli inatoa video ya masaa mbili karibu kila siku. Nikamusikiliza tena polepole na kaske ku masikio. Pumzi yake inakuja mahali pamoja kila mara, na maneno mengine anayaweka nguvu kwenye haistahili, sawa muntu anasoma kintu yenye haelewe. Nikamuambia, Mama, huyu naona si muntu.

"Si muntu namna gani?"

"Ni ordinateri, Mama. Muntu anaandika tu, nataka adorasio ya Kiswahili, sauti ya mwanamuke. Inatoka."

"Na maneno yake?"

"Na maneno yake."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sasa wewe, baba. Ule usiku nililia. Nililia na nani?"

Nikakosa jibu. Nikamuambia pengine mulikuwa wewe na Mungu, ule mwingine njo hakukuwako. Akasema basi weka tu. Kisha akasema ngoja, toa. Kisha akasema weka, lakini unitafutie pia ile ya korali yetu, ile balirikodi na telefone ku Pasaka. Ile ya korali sauti yake ni mubaya kusema kweli, kuko mutoto analia na kuku moja yenye inapenda kuimba pale basoprano bananyamaza. Niliweka zote mbili na sikuuliza ni ipi anasikiliza.

Mama asione haya, kama iko inasoma hapa ao mutoto wake anamusomea. Deezer, platifomu ya Bafaransa, mu Januari 2025 ilianza kutambua nyimbo zenye zimetengenezwa nzima nzima na IA: wakati ile ilikuwa inapokea karibu 10.000 kwa siku, ni kusema 10% ya zote zenye zinaingia. Mu Novemba ya mwaka ule ule ilisema ni 50.000 kwa siku, 34%. Na ilitoa uchunguzi yenye ilifanya na Ipsos, bantu 9.000 mu inchi 8, balibasikilizisha nyimbo na kubauliza gani ni ya muntu gani ni ya mashini. 97% balishindwa. Bazungu na Bajapani na makaske yao ya bei. Afrika haikukuwa mu zile inchi 8, lakini siamini tungebashinda sana, masikio ni masikio.

Mwaka ule ule pia bantu baligundua The Velvet Sundown, bande moja ya kirok ku Spotify, picha ya bijana bane na nywele ndefu, basikilizaji zaidi ya milioni 1 kwa mwezi. Hakuna kijana ata mumoja. Mwishoni ukurasa yao wenyewe ilikubali kwamba muziki ilitengenezwa kwa musaada wa IA. Milioni moja, na mashabiki benye balikuwa na hakika bamesikia bande!

Lakini yenye inanikasirisha zaidi si hiyo. Ni ile kesi ya Michael Smith, wa North Carolina kule Marekani, mwenye bamushitaki mu Septemba 2024. Vile mashitaka inasema, alipata mamia ya maelfu ya nyimbo zenye zimetengenezwa na IA, akaziweka ku maplatifomu, kisha akapanga maroboti ya kuzisikiliza muchana na usiku, kidogo hapa kidogo pale, kila nyimbo inasikilizwa mara kidogo tu juu hakuna mwenye ashituke. Banasema alipata zaidi ya dolare milioni 10. Nyimbo ya mashini, musikilizaji mashini, lakini ile pesa haikukuwa ya mashini. Juu ku maplatifomu mingi abonema ya bantu bote inawekwa mu sanduku moja, kisha inagawanywa kufuata hesabu ya strimu, ni kusema kila nyimbo imesikilizwa mara ngapi. Roboti ikisikiliza mara elfu, ile sehemu inatoka ku bengine bote, ata ku kijana wa Ruashi mwenye strimu yake mia tatu. Na huyo kijana wa strimu mia tatu tangu 2024 ku Spotify hapate ata senti, juu nyimbo yenye haijafika strimu 1.000 mu mwaka imetolewa ku hesabu. Deezer ilisema mu 2025 zile nyimbo za IA zenye zinamwagika hazikusikilizwa sana, kama 0,5% ya strimu yote, na ndani ya hizo strimu mpaka 70% zilikuwa za udanganyifu. Kwa hiyo zinatengenezewa nani? Si masikio. Ni kompteri yenye inahesabu.

Sasa niende ku Katuba, hapa hapa Lubumbashi, kwa mwipwa yangu. Ni bitimeka, anatengeneza muziki na ordinateri. Studio yake ni chumba moja, matela imesimamishwa ku ukuta juu sauti isirudi, ordinateri ina nguvu kuliko yangu. Kila nikienda tunagombana juu ya kintu moja: sebene.

Bale benye si ba huku niwaelezee. Nyimbo yetu imejengwa juu ya kungojea. Inaanza polepole, muntu anaeleza shida yake, sauti zinajibizana, gitare ziko chini chini, unakunywa, unaongea na mwenzako, kisha ghafla inageuka, gitare inapanda, hapo njo sebene, na ata mwenye alikuwa anasinzia anasimama. Zile za Franco za miaka ya 80, mingi inapita dakika 10. Na karindula ya kwetu ni mubaya zaidi, ile banjo kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi na nyuzi ine, mupigaji anaikalia juu, bantu banazunguka, nyimbo inaweza kwenda nusu saa na kuendelea, juu haina mwisho yake yenyewe, inamalizika pale bantu banachoka. Sasa chukua hiyo yote uipeleke mbele ya mashini yenye inahukumu ku sekonde 30. Sebene ya dakika ya tano? Haitafika kuiona.

Mwipwa yangu anajua. Nyimbo zake zote koro (kiitikio) iko mbele, sekonde ya pili tayari banaimba koro, na yote inamalizika ku dakika mbili na kitu. Nikamuuliza sebene iko wapi.

"Mujomba, intro ya sekonde arobaini leo ni kujiua."

"Mi sikuuliza intro. Nauliza sebene."

Akanionyesha ku ordinateri ile mustari yenye inashuka, yenye platifomu inakuonyesha mahali gani basikilizaji banaacha nyimbo. "Angalia. Hapa njo banatoka."

"Nani anatoka?"

"Bantu."

"Bantu gani? Unabajua?"

"Mujomba, naye! Bantu, basikilizaji."

"Na mu hawa, roboti ni ngapi?"

Akaniangalia vile batoto banaangalia bazee. Lakini hakujibu, na kama angejibu ningefurahi kusikia, juu mi nafikiri hapo njo kwenye ugonjwa iko. Hakuna serikali yenye ilikataza sebene. Hakuna padri, hakuna muzungu, hakuna sheria. Kijana anapenda sebene, baba yake alikuwa anapiga sebene, na anaikata kwa mukono yake mwenyewe juu mustari ilishuka, na hajue kama ile mustari ni bantu balichoka, ao taksi ilifika, ao mega iliisha (huku kwetu mega kuisha njo sababu ya kwanza!), ao ni maroboti ya muntu fulani yenye hayakukuwa na haja ya kufika mwisho. Mashini haikuimba kintu pale. Ilisikiliza tu, na nyimbo ikabadilika.

Sitaki musome hapa mufikiri nachukia mashini, mi nakula juu ya mashini. Na mu studio ya mwipwa kuko IA yenye naipenda. Mu 2019 Deezer ile ile ilitoa bure programu inaitwa Spleeter, unaipatia nyimbo inakutolea sauti pembeni, ngoma pembeni, besi pembeni. Tuliipatia kasete moja ya ndugu ya baba yangu, ya bande yao ya Likasi, kasete yenye ilikuwa inatoa kelele sawa mafuta ya kukaanga, na tukamusikia anaimba peke yake. Ni kazi ya namna moja na ile balifanya juu ya Beatles: mu 2023 balitoa nyimbo ya mwisho, sauti ya John Lennon imetolewa ku kasete yenye alirikodi nyumbani miaka ya 70, na mu 2025 ikapata Grammy. Ata Auto-Tune, yenye bazee bangu banalaumu kila siku, ilitoka mu 1997 kwa Andy Hildebrand, injenieri mwenye mbele alikuwa anapima mitetemo ya chini ya udongo juu ya kutafuta petroli. Kutoka petroli mpaka koo ya batoto ba Katuba! Lakini Auto-Tune nayo unaisikia. Inajitangaza, kama mabanga. Ukiipenda ukiichukia, unajua iko pale.

Kuko siku alijaribu aplikasio moja ya kutengeneza nyimbo, akaandika: nyimbo ya mapenzi, Kiswahili ya Lubumbashi. Ilitoka mu dakika moja. Sauti muzuri, mikisaje muzuri kuliko yetu, hiyo sikatai. Lakini yule mwanaume alikuwa anaongea Kiswahili ya Zanzibar na lafuzi ya muntu wa Marekani, anapigiwa ngoma ya Lagos. Hakuna "njo". Hakuna "bantu". Tukamuandikia tena, na "ba" na "mu" na yote, akayasoma sawa makosa ya kuandika. Na inaeleweka, mashini inajua yenye balimulisha, na muziki yetu mingi iko mu makasete, mu ma-CD yenye imekwaruzika, mu magrupu ya WhatsApp, haiko kule kwenye banavuna. Shida ni kwamba kijana mwingine, mwenye hana mujomba wa kumupigia kelele, ataisikia mara mingi na ataanza kuimba vile.

Bakubwa ba muziki banalinda yao. Mu Juni 2024 Universal, Sony na Warner balipeleka Suno na Udio, kampuni za IA ya kutengeneza nyimbo, ku tribinali, bakisema zilifunzwa na nyimbo zao bila ruhusa. Mu Oktoba 2025 Universal ikapatana na Udio, mu Novemba Warner ikapatana na Suno. Walikaa ku meza, baligawana. Jimbo ya Tennessee ilitoa sheria mu 2024 ya kulinda ata sauti ya muntu isiigwe. Shiye sheria yetu ya haki za batungaji ni ya tarehe 5 Aprili 1986, wakati ya Zaïre, wakati adui mukubwa ilikuwa muntu mwenye anakopia kasete. (Ni kusema mimi. Najua. Musinianzie, hiyo ni hadithi ya siku ingine.) SOCODA, shirika ya haki za batungaji ba Kongo, njo inapashwa kukusanyia batungaji pesa yao, lakini kukusanya kwa nani, pale mwimbaji ni shaneli yenye picha ya mawingu?

Kwa sasa mi niligawanya tu ordinateri yangu. Kuko dosie ya nyimbo zenye najua nani anaimba, kuko dosie ya zenye sijui, na kuko dosie ya zenye nafikiri ni mashini. Muntu akisema changanya namuuliza kwanza, mu dosie gani? Bengi hawajali kabisa. Shofere mumoja aliniambia, "Papa, inaruka? Inaruka. Basi weka." Na ana haki yake, anaendesha kutoka saa kumi na moja asubui, anataka kintu ya kumuamusha, si hadithi. Lakini kuko benye banasimama kidogo, banauliza tofauti ni nini, tunaongea, na bamoja banasema nipe tu zenye unajua. Liste ya zile nazipanga mwenyewe usiku, na nakubali, naweka mabazee mingi kupita, Mwenda iko pale kila mara, Masengo pia, bachanga balalamike.

Benye balinishangaza ni bachimbaji. Hao hawataki za dakika mbili. Kutoka hapa mpaka Kolwezi ni karibu kilometre 300, na kule juu hawawezi kushikashika karadio kila saa, mikono ina udongo, banataka nyimbo yenye inaenda. "Ndefu, Papa, uko na ndefu?" Nikamuambia mwipwa yangu: kuko soko yenye mustari yako haionyeshe. Alikataa, akacheka, kisha akafanya. Nyimbo yake ya mwisho iko mara mbili: moja ya intaneti, dakika mbili, koro mbele, na moja ya dakika saba juu ya kle tu, intro yote, sebene yote, alitafuta mupigaji gitare wa kweli akamulipa. Ile ndefu inaenda kwa mukono mpaka kwa mukono na anakasirika juu hajui bantu banaiacha wapi, kila wiki ananiuliza, Mujomba, banaimaliza? Nikamuambia aulize bale banarudi kutoka Kolwezi, juzi mumoja alimujibu kwamba sebene ni fupi.

Ukiitaka, kuja na kle yako. Ku intaneti sitaiweka, alinikataza.